Vitabu Saba vya Ziada

Ndolo alipapasa juu ya kabati mpaka mkono wake ukaangukia kisu cha kukatia mboga za sukuma wiki. Akakijaribu makali kwa kidole gumba. Kilikuwa kikali, na moyo wake ulidunda kama wa mwizi wa kuku.

"Baba Mutiso, hiyo kisu ni ya nini?" Ndila, mkewe, aliuliza. Alikuwa anapasha chai kwenye jiko la makaa pale pale sebuleni, maana Mbooni mwezi wa saba baridi haina adabu.

"Ya kukata hivyo vitabu saba. Mchungaji akifika akute Biblia safi."

Kikombe kikamponyoka Ndila. Kilikuwa cha tatu tangu Jumapili.

Kwa miaka thelathini Ndolo alikuwa mhubiri katika kanisa la mlimani, juu ya soko la Kikima. Trakoma ilipomfunga macho, watu walidhani amekwisha. Hakwisha. Ndila, aliyejifunza herufi kwenye darasa la ngumbaru akiwa tayari mama wa watoto watano, alimsomea kila jioni. Ndolo aliyatia maneno kichwani, na Jumapili akayamwaga.

Mwaka wa kwanza mama wa watu alisoma kama anayechagua mawe kwenye maharagwe, neno moja moja, na jasho juu. Halafu ukaja mwaka ule wa mvua nyingi, ulimi ukamfunguka, akasoma kama maji yateremkayo. Na mistari yenyewe! *Mungu husikia kata ikigonga mchanga kabla hajasikia mdomo ukisema amina.* Akina mama wanaoshinda wakichota maji kwenye mchanga wa mto mkavu waliusikia mstari ule wakalia. Watu walitoka hata Mukuyuni kuja kumsikiliza kipofu.

Mchungaji Muthama, kijana aliyetoka chuo cha Biblia juzi juzi, hakulia. Jumapili baada ya ibada alimshika Ndolo mkono.

"Mzee, hiyo mstari ya kata nimetafuta kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo. Hakuna. Alhamisi nitakuja nione hiyo Biblia yako." Kisha akashusha sauti. "Kuna Biblia ziko na vitabu saba zaidi. Kanisa yetu haikubali. Mtu akihubiri nazo, hawezi panda mimbari."

Tangu hapo Ndolo hakupata usingizi. Biblia ile aliachiwa na Kang'ethe, mwenye lojingi ya kulaza wageni pale Mtito Andei, siku aliporudi kwao Murang'a, na nani alimuuliza Kang'ethe anasali wapi? Ndolo aliogopa mpaka ugali ukakosa ladha. Akinyang'anywa mimbari atabaki nini? Mzee wa kuanikwa juani asubuhi na kuulizwa kama amekunywa chai.

Ndila aliogopa kumshinda. "Tukichome chote," alisema Jumatatu, na Jumanne akarudia. Ndolo akamkemea. Kuchoma Neno la Mungu! Alikuwa amesikia wazee wa kanisa wakisema kwamba vile vitabu vya ziada hukaa katikati, baada ya Malaki na kabla ya Mathayo. Angevikata hivyo tu, kisha vile sitini na sita vya kanisa lao vibaki salama.

"Usikiguse," Ndila alisema sasa. "Karatasi zake ni kama ganda la kitunguu. Utararua mpaka Zaburi."

Miaka kumi na moja ilikuwa hivyo. Ni Ndila peke yake aliyekitoa kitabu kwenye mkebe wa biskuti, akasoma, akakifunga kwa kitambaa, akakirudisha. Mchwa wa Mbooni, alisema, hawaheshimu hata Neno.

"Hodi hapa!"

Mchungaji alikuwa langoni na mbwa hakuwa amefungwa, kwa hiyo Ndila hakuwa na budi kutoka. Ndolo akauvuta mkebe kutoka chini ya kochi. Akafungua kitambaa. Akagusa ngozi ya jalada na ule msalaba uliochongwa juu yake, akaomba msamaha kwa sauti ya chini. Kisha akakifungua kitabu katikati, akashusha kidole kukisia mwisho wa Malaki.

Kidole kikasimama.

Huko nje Ndila alikuwa anamweleza mchungaji habari za mvua, kwa kirefu, maskini, kana kwamba mvua inaweza kumzuia mtu mlangoni mpaka jioni. Ndolo akageukia upande wa joto, akakitupa kitabu kwenye lile jiko la makaa.

Muthama aliingia akikohoa. "Mzee, ni nini inaungua?"

"Ni ile Biblia, Mchungaji. Ilikuwa na hivyo vitabu saba, na nilijua. Mama hana makosa. Yeye alisoma tu pale nilimwambia asome."

Sauti ya Mchungaji ilisikika yenye maumivu. "Basi, Mzee wangu, mimbari hutapanda tena."

"Nimesikia."

Chai Mchungaji hakuimaliza. Hatua zake zilipokwisha kuteremka mlima, Ndila alikuja akaketi kando ya mumewe, leso mdomoni, akilia kilio cha mtu aliyekibana miaka mingi.

"Ulikifungua?"

"Nilikifungua."

Akalia zaidi. Ndolo akautafuta mkono wake, akaupata.

"Jioni unisomee tena ile ya kata," akasema, huku akijipangusa kwenye suruali udongo mkavu wa mchwa, kitu pekee ambacho vidole vyake vilikuta kati ya yale majalada mawili.