Ufunguo Wenye Mafundo Matatu

Hakuwa na buti, hakuwa na filimbi, hakuwa na kamba, na kibaya zaidi, hakuwa na habari za jengo lile. Alichokuwa nacho ni fungu la funguo thelathini na kitu, zote zimefanana kama pacha. Nyuma yake, ngazini, walibanana wasichana arobaini wa bweni la chuo, wote wakimtazama mikono.

Chini, maji ya mto yalikuwa yameshaingia vyumbani. Juu, mlango wa paa ulikuwa umefungwa.

Ufunguo wa saba ukagoma. Wa nane ukaingia nusu, ukakwama. Suruali alikuwa ameikunja magotini tangu alipovuka uwanja mbio, shati limemganda mgongoni, miwani imejaa ukungu. Alinong'ona neno ambalo mama yake angemchapa kwalo.

"Mzee, wewe ndiye bawabu mpya?" aliuliza msichana mrefu wa mwaka wa kwanza.

"Niite utakavyo, binti. Umeme unazimwa wapi?"

"Tumeshazima. Babu alisema umeme kwanza, vitabu baadaye."

Babu alikuwa bawabu wa zamani, na jina lake lilianza kumkera mzee kama jiwe kiatuni. Nani aliyepaka ule mstari mwekundu kwenye ngazi ya tatu, kwamba maji yakiugusa hakuna kubishana, ni kupanda? Babu. Nani aliyewazoesha kufunga vyeti kwenye plastiki na kuvivaa kifuani? Babu. Kiongozi wao wa bweni, aliyevunjika mguu, angepandaje? Alikuwa anabebwa, wabebaji wa wagonjwa walishapangwa muhula uliopita. Na Babu.

Kila alichouliza, wasichana walishakijua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa mgeni kwenye jengo hilo, na ndiye aliyeshika funguo.

Msichana mrefu hakunyamaza. Alisimulia jinsi Babu alivyofukuzwa: aliwapandisha paani kwa mazoezi siku ileile chuo kilipopokea wageni. Wageni wanakunywa chai bustanini, wakiinua macho wanaona wasichana arobaini juu ya bati, vyeti vifuani. Kesho yake Babu akapewa barua.

Ufunguo wa kumi na moja ukamponyoka mzee. Akainama kuuokota.

"Tukitoka salama, mwandikie Mkuu wa Chuo, mzee," alisema msichana. "Sisi tunamjua kwa saini tu."

"Hasomi huyo," sauti ikajibu kutoka chini. "Anagonga mihuri."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye baridi. Kisha aliyekuwa wa mwisho akasema kwa utulivu kwamba maji yameupita mstari, yako ngazi ya sita, na hapo hakuna aliyecheka tena. Mzee alijaribu ufunguo ambao alikwisha kuujaribu.

Ndipo kiongozi wa bweni alipofikishwa juu, amebebwa mgongoni, mguu wa plasta umenyooka mbele kama mwiko. Akalitazama lile fungu.

"Jamani, si ni lile la Babu? Hamjamwambia habari za uzi? Wa paa umefungwa uzi wenye mafundo matatu, mzee. Papasa."

Mzee akapapasa. Moja, mawili, matatu. Mlango ukafunguka.

Aliwahesabu mmoja mmoja wakipita mbele yake, wakawa arobaini kamili, kisha akapita yeye. Walikaa paani wakinyeshewa hadi mashua ilipokuja alasiri.

Siku ya tatu, matope yangali kwenye kucha zake, alikaa mezani na karatasi. Mara mbili alianza na "Unaarifiwa kwamba", mara mbili akachana. Mwisho akaandika kwa mkono wake: "Mzee mwenzangu, hukukosea. Nilikosea mimi. Tafadhali rudi, hawa watoto wanakuhitaji, na mimi zaidi."

Akatia saini. Chini yake akagonga muhuri wa Mkuu wa Chuo, uleule uliomfukuza Babu, akafunga bahasha, akaituma.