Matuta ya Meno

Profesa Mwinshehe alikuwa ameshapofuka siku Nyamizi, mwanafunzi wake wa zamani, alipomletea taya la samaki aitwaye kamongo lililogeuka jiwe. Maisha yake yote alikuwa na kipande tu cha taya kama hilo, chenye matuta matatu ya meno, sawa na kamongo wa ziwani. Kwa kipande hicho alifundisha kwamba yule wa kale ndiye babu wa huyu wa leo, na wenzake wakamcheka. Sasa taya lilikuwa limechimbuliwa zima.

"Matuta ni mangapi, mwanangu?"

Nyamizi alilitazama. Yalikuwa saba, ya ukoo mwingine kabisa, uliokwisha bila kuacha kizazi.

"Matatu, Mwalimu."

Mzee akacheka kwa furaha, akanyoosha mikono. "Nipe nilishike."

"Lina vumbi. Acha nilisafishe kwanza."

"Nipe, Nyamizi."

Akampa. Kidole gumba kikapanda tuta la kwanza, la pili, la tatu, kikateleza hadi la nne. Uso wa mzee ukasawijika. Akakirudisha kidole mwanzo, akaanza upya, polepole, na alipofika la tatu akakomea hapo, akilibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe.