Mlio wa Hatari

Kengele ililia kwa fujo, na watoto wakatoka darasani wakipiga miayo.

"Moto, watoto! Darasa linawaka!" Laban alipaza sauti.

"Moto ya kweli, mwalimu?" aliuliza Akurut, msichana wa dawati la mbele, akitembea kama bibi harusi.

"Ya mazoezi. Lakini kimbieni!"

Walicheka, wakaenda zao kunawa mikono. Kwao kengele ile, ringi kuukuu ya lori, ilikuwa ya uji tu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru wa Uganda, na Laban alikuwa mwalimu mgeni hapo Molo, kijana aliyelelewa kota za reli Nairobi. Kila alipoyatazama yale madarasa ya nyasi, yenye mlango mmoja mmoja, moyo ulimdunda. Cheche ya jikoni tu ingetosha.

"Jaribu tena kesho, mara ya mwisho," alisema Mwalimu Mkuu Ikwap. "Ikishindikana, acha watoto wasome. Na mimi usiningoje nje. Sitoki kwa kiti yangu sababu ya moto ya mchezo."

Ilihitajika sauti nyingine. Kesho yake Laban aliona kigogo nyuma ya jiko, na juu yake vijiti viwili vilivyolainika kwa kushikwa. Akavibeba.

"Mwalimu, unaenda piga hiyo saa hii?" aliuliza Benedeta, mpishi. "Na mvua yote ya jana?"

"Hata wakiteleza, mama, angalau watakimbia."

Benedeta alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

Laban akapiga. Ko-ko-ko-ko-ko! Mlio mkali, wa harakaharaka, kama mvua juu ya bati.

Watoto walibubujika mlangoni. Wengine waliruka madirishani. Akurut alimpita mbio, sketi kaikunja kiunoni, kopo la uji kwapani. Laban hajavuta hata pumzi ya pili, madarasa yalikuwa matupu.

Machozi yalimlengalenga. Wameelewa, aliwaza. Hatimaye wameelewa.

Kisha akamwona Mwalimu Mkuu mwenyewe akija mbio, kofia mkononi. Laban akanyoosha mkono kupokea pongezi.

"Baadaye, kijana, baadaye!" Ikwap alihema, akiikinga kofia yake katikati ya makopo ya watoto. "Kumbikumbi umeita na hivyo vijiti, wanatokea kwa kichuguu gani?"