Sauti ya Shekue

Enzi hizo kila mtu alivaa shingoni utando mwembamba wa sumaku wenye sauti yake. Milango ilimtambua kwa utando huo, si kwa uso. Wa marehemu ulikuwa ukifutwa mjane wake alipotoka eda.

Afisa alipofika na mashine ya ioni, Bi Mwantumu alimkabidhi utando.

"Ioni hazichani kitu, mama," alisema afisa. "Zinavuruga usumaku tu, sauti inapotea."

"Kama marehemu, mwanangu. Kuvuruga tu."

Afisa alicheka, akaupiga mionzi. Hakuuliza ni wa nani. Nani angetoa wa kwake?

Alipoondoka, Mwantumu alifungua pindo la khanga, akautoa wa mumewe, akauvaa na kuubonyeza. "Mwantumu, hii chai au maji ya kunawia?" sauti ya Shekue ilichokoza.

"Kunywa hivyohivyo," alimjibu.

Alipotoka kumwaga maji, mlango ulijifunga. Akausogelea.

"Karibu, Bwana Shekue," ulisema mlango. "Mkeo Mwantumu hayupo tena duniani. Pole kwa msiba."

Mwantumu alijifunga khanga vizuri.

"Nimeshapoa," alisema. "Fungua."