Bado Hawajaondoka

Kamanda aliuegemea mlango wa stoo kwa mgongo wake mpana. Magongo yake yalianguka sakafuni.

"Hatoki mtu," alisema.

"Mzee, nipishe!" Nesi alimvuta mkono. "Mama yangu yuko juu!"

Walikuwa wamejibana humo, chini ya hospitali, katikati ya magodoro mabovu na maboksi ya dripu: wagonjwa, mpishi, nesi, Kamanda na askari wa kumlinda, yule ambaye hakumwacha hata akienda msalani. Mabomu yalikuwa yametua upande wa chumba cha kufulia, alikofanya kazi mama yake nesi. Sasa ndege hazikusikika tena, na sauti ya mama ilifika hadi chini.

"Mwanangu! Nimebanwa na ukuta!"

"Bado," alisema Kamanda. "Watarudi."

"Ndege zimeshaondoka! Huna masikio?"

"Zimezunguka tu."

Mpishi, ambaye hata msibani hakuacha utani, alijaribu bahati yake. "Kamanda, si uwapigie simu waende kwingine? Nimeacha sufuria motoni."

Hakuna aliyecheka.

Kamanda alikuwa ameumalizia ujana wake wote kwenye jeshi la anga. Alianza kwa kufuta mafuta kwenye magurudumu ya ndege, akarusha, akaongoza kikosi, na vita hii ilipoanza vikosi vyote vikawa chini yake. Cheo chote hicho hakikumkalisha ofisini. Alipanda ndege mwenyewe, mpaka ilipoanguka akavunjika mguu. Wiki za mwanzo nesi alimfunga vidonda bila kumsemesha. Siku hizi alimwita mzee, na jana tu alimnyoa ndevu.

"Mwanangu, uko wapi?"

Nesi alipiga magoti. Jamani, mtoto kumpigia mtu magoti ili akamtoe mama yake kifusini! "Nakuomba. Ningekuwa binti yako, ungenizuia?"

"Ningekufunga kamba."

Nje watu walianza kukimbilia kule kwenye moshi: madaktari, madereva, majirani na majembe yao. "Huku! Shikeni nguzo hii! Vumilia mama, tunakuja!"

"Rudini ndani!" Kamanda alipaza sauti. Nani angemsikia?

Nesi alimng'ata mkono hadi damu ikatoka. Kamanda hakusogea. Askari aliinuka, akamtazama Kamanda, kisha akaketi.

Ndipo muungurumo ukarudi.

Taa zilizimika. Dari liliwamwagia vumbi, wagonjwa wakakohoa na kuita Mungu. Masikio yalipozibuka, juu hapakuwa na sauti ya mama, wala ya wale waliokwenda kumtoa.

Nesi alilia mpaka akaishiwa nguvu, kichwa chake kikiwa kifuani pa mtu aliyemng'ata. Mpishi naye alilia, utani wote umemwisha.

"Ningekuwa nao pale," nesi alisema mwishowe. "Umeniokoa, mzee. Lakini ulijuaje kama watarudi?"

Kamanda hakuthubutu kumwekea mkono begani.

"Wale marubani ni vijana wangu," alisema. "Kurudi watu wakishatoka kuwaokoa wenzao, niliwafundisha mimi, kabla hamjaniangusha."