Shahidi wa Utoto wa Zamda

Jirani, unageuza uso tena, kama ulivyougeuza kila Zamda alipofukuzwa kazi kwa kusahau, ukasema ni mzembe.

Daktari wa kwanza aliyemwendea kuhusu usahaulifu huo alimtazama juu juu, akamwambia ugonjwa wa kutotulia na kutokaza akili ni wa watoto, aache uvivu. Wa pili, kwa kuwa ugonjwa huo huanza utotoni, alitaka kwanza kumsikia mtu aliyemjua tangu akiwa mdogo. Zamda akamleta mama yake.

"Alikuwaje utotoni, mama?" daktari aliuliza.

"Mtoto mzuri tu. Kwetu hakuna vichaa."

"Mama, si kichaa," Zamda alisema. "Ulikuwa unanifunga mguu kwenye meza kwa kanga ili nimalize hesabu. Mwambie tu."

"Hee! Umenileta hapa kunianika?"

"Sikuja kukushtaki. Ukinyamaza, narudi nyumbani na jibu lile lile la uvivu."

Daktari aliweka kalamu chini, akamgeukia mama. Mama alivuta ushungi hadi mdomoni, akautazama mguu wa bintiye uliokuwa ukitikisika chini ya kiti. Polepole akauwekea mkono, akamwambia daktari, "Ni kweli, nilikuwa nikimfunga."

Nawe jirani, kama unamjua mtu wa namna hii tangu utotoni, unangoja nini? Inuka sasa hivi, ukamtolee ushahidi.