Bakuli la Bisi

Jumapili jioni, pale shambani Iowa, chakula ni bisi tu. Verna alikuwa jikoni akikoroga sukari na siagi mwanawe alipomzaba mkewe kofi. Damu ya mdomo ikadondokea bisi nyeupe bakulini.

"We mama, unakodoa macho ya nini? Koroga! Mbona wakati wa baba ulikuwa unakoroga tu?"

Kweli. Enzi za marehemu mumewe, Verna alikoroga huku shavu lake mwenyewe likiwaka moto.

Sukari iligeuka rangi ya asali, ikatokota mapovu mazito.

"Njoo unishikie bakuli nimimine, mwanangu, kama zamani."

Akacheka, akalishika kwa mikono miwili.

Verna akainua sufuria. Ikapita bakuli, ikapita kifua cha mwanawe, ikapanda hadi usawa wa uso wake.

"Usiachie," akamwambia.